Mabega ya Mke wa Fundi Saa

Saa nane na robo mchana Sajini alisimamisha gari nyuma ya posta, akazima injini, akapiga chafya mara mbili, kisha akamwonyesha saa yake ya mkononi mwanamke aliyekaa kando yake. Kiti cha nyuma alikaa askari kijana, amesinzia.

"Saa kumi kamili nakukabidhi kwa mumeo," alisema. "Huu muda nimekupa kwa sababu umenisumbua, si kwa sababu nina mashaka. Cheti cha ndoa kipo. Picha ya harusi ipo. Na amekutambua mwenyewe mbele ya muuguzi."

"Kwenye ile picha bibi harusi amejifunika maua mpaka puani."

"Kwenye picha yetu mke wangu amefumba macho. Bado ni mke wangu."

Mwanamke alifungua mkanda wa kiti. Wodini walimwita Kitanda Saba, kwa kuwa alipookotwa chini ya ngazi za maktaba, ana uvimbe kisogoni, hakuwa na mkoba wala kitambulisho, na alipozinduka hakuwa na jina. Siku ya tisa sasa. Alijua kusoma, kuhesabu na kusuka nywele. Zaidi ya hayo, jambo lililowashangaza wauguzi, alijua kuhoji watu. Mpishi wa hospitali alikuwa amekiri kwake, bila kuulizwa mara ya pili, kwamba supu ya Jumatatu ndiyo ile ile ya Jumapili. Mengine yote yalikuwa yamefutika. Halafu juzi akatokea mwanamume mpole, mikono misafi, lenzi ya kutengenezea saa ikichungulia mfukoni, akamshika kiganja na kusema, "Mke wangu."

Huenda alikuwa mumewe kweli. Hilo ndilo lililomvuruga. Atamkanaje mtu ambaye hajui kama anamjua?

"Majirani wake umewauliza?" alisema akifungua mlango wa gari.

"Nimewauliza. Wanaishi juu ya duka lake la saa, yeye na mkewe. Wanasema mke walikuwa wanamsikia zaidi ya kumwona."

"Wanamsikia akifanya nini?"

Sajini alitafuta leso. "Sikuuliza."

Alichokuwa nacho Kitanda Saba ni kitu kimoja tu, gauni la kijani alilookotwa nalo. Lilimbana mabegani, na mikono yake iliishia juu ya vifundo vya mikono. Yule mwanamume alikuwa na maelezo: dobi wa hospitali amelifua kwa maji ya moto, limepungua. Lakini ndani ya kola palikuwa na mishono mitatu ya uzi mwekundu, na muuguzi wa zamu alipoiona alisema hiyo ni alama ya fundi cherehani wa nyuma ya posta.

Chumba cha fundi kilikuwa chembamba na kirefu. Kulikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia iliyojaa alama za chaki, pasi juu ya kipande cha blanketi lililoungua, na magauni yasiyo na mikono yakining'inia kwenye kamba. Mama mmoja wa makamo alikuwa akitia uzi kwenye sindano. Dirishani, juu ya kigoda, aliketi mzee mwembamba mwenye utepe wa kupimia shingoni.

"Shikamoo mama," alisema Kitanda Saba. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti," alijibu mzee, uso umemchangamka.

"Marahaba," alijibu mama. "Mzee yupi?"

Sajini, ambaye magoti yalimsumbua, alikuwa amekwisha kukiona kigoda. Akakivuta na kukikalia. Alimkalia mzee. Akatulia hapo hapo, mwili wake umeingia ndani ya mwili wa mzee kama mtu aliyevaa koti la mwenzake, kisha akatetemeka na kupiga chafya ya tatu.

"Chumba chenu kina baridi, mama."

"Ni hapo ulipokaa tu, mwanangu. Hicho kilikuwa kigoda cha mume wangu, Mungu amrehemu. Mwaka umepita, na hata wakati wa joto hapo hapapati moto."

Daktari alikuwa amemwagiza Kitanda Saba atoe taarifa akiona nukta zinazometameta. Hakusema chochote kuhusu wazee. Alifumba macho, akahesabu mpaka tano, akafumbua. Mzee bado alikuwepo, nusu ndani ya Sajini, nusu nje.

"Mwambie huyu askari ananikalia," alisema mzee. "Halafu ana mafua."

"Sajini," alisema Kitanda Saba taratibu, "hebu hamia kiti cha kule."

Sajini alihama akinung'unika. Mzee akajikung'uta. "Ahsante. Mwaka mzima hakuna mtu aliyenisalimia. Huyu mke wangu anazungumza na mimi kutwa, lakini nikimjibu ananiingilia kati."

Kitanda Saba aliamua kwamba kama amechanganyikiwa, basi atachanganyikiwa kwa utaratibu. Kwanza shahidi aliye hai. Akageuza kola na kumwonyesha mama ile mishono mitatu.

"Ya mume wangu hii," alisema mama bila kusita. "Mimi natia miwili."

"Unakumbuka lilikuwa la nani?"

"Siwezi kukumbuka. Wakati ule nilikuwa napika shuleni. Huku dukani nimeingia baada ya yeye kufariki. Ila daftari lipo." Alivuta droo, akatoa daftari nene lenye jalada gumu. "Tatizo hakuandika majina. Alisema majina yanafanana, miili haifanani. Aliandika mtu ni wa nani." Alifungua na kusoma. "Mama wa mapacha. Dada wa mpiga picha. Mwalimu wa hesabu, yule anayejikuna."

"Alikuwa anajikuna kweli," alisema mzee. "Ukimpima anacheza kama samaki."

Kwenye kila ukurasa, chini ya vipimo, palibanwa kwa pini kipande kidogo cha kitambaa cha nguo iliyoshonwa. Walifunua kurasa moja moja, mama akilamba kidole, mpaka kijani kikatokea. Kitanda Saba alilaza upindo wa mkono wa gauni karibu na kile kipande. Kijani ni kile kile, na majani madogo meupe yaliyochorwa juu yake ni yale yale. Juu ya ukurasa, kwa mwandiko wa kulala, paliandikwa: Mke wa fundi saa.

Sajini alisogea, akausoma mstari huo mwenyewe.

"Basi," alisema Sajini, tena kwa upole. "Pole, binti. Au hongera, sijui niseme lipi. Gauni ni la mke wa fundi saa, na aliyevaa gauni ni wewe. Nampigia simu aje akuchukulie hapa hapa, hospitali ni mbali."

Akatoka nje kutafuta mtandao. Kitanda Saba alibaki ameshika daftari. Alikuja kutafuta njia ya kukwepa nyumba ya mtu asiyemjua, na ameshona mwenyewe pingu. Akasogea dirishani, akaegemea ukuta kama mtu anayetazama barabara.

"Mzee," alinong'ona. "Ni mimi huyu?"

"Kwa sura siwezi kusema. Miaka arobaini nimetazama watu kuanzia shingoni kwenda chini. Geuka."

Aligeuka.

"Inua mikono. Ishushe. Tembea mpaka kwenye pasi, urudi." Mzee alikunja uso. "Huu mgongo sijawahi kuupima."

"Una uhakika?"

"Binti, mimi ni marehemu, si kipofu. Na nani kagusa upindo wangu? Hebu uone hapo chini. Nani kafanya uchafu huo?"

Kitanda Saba aliinama na kupindua upindo wa gauni. Mishono ilikuwa ya mkono, mirefu na myepesi, ya uzi uliokolea kuliko kitambaa. Inchi mbili juu yake ulionekana mstari wa mkunjo wa zamani ambao pasi haijaufuta. Mtu alikuwa ameshusha upindo. Kitambaa cha akiba chote kilikuwa kimefunguliwa ili gauni lirefuke.

"Unaongea na nani?" aliuliza mama.

"Nafikiri kwa sauti." Alinyanyuka. "Mama, mtu akipungua mwili, au akinenepa, vipimo vyake vyote vinabadilika?"

"Vyote haviwezi. Kiuno, kifua, nyonga, hivyo vinapanda na kushuka. Lakini bega kwa bega, shingo mpaka kiunoni, bega mpaka kifundo cha mkono, huo ni mfupa. Mtu mzima akishapimwa hapo, amepimwa moja kwa moja. Marehemu alinifundisha hilo kabla hata hajanioa."

"Alikuwa mgumu kuelewa," alisema mzee kwa mahaba.

"Nipime."

Mama alichukua utepe wa mezani. Lakini kabla haujagusa bega, Sajini alirudi, na nyuma yake aliingia fundi saa. Simu ilimkuta njiani, maana alikuwa ametoka hospitali na kuelekezwa huku na muuguzi. Alisalimia kila mtu vizuri. Alimpa mama mkono. Kisha akamtazama Kitanda Saba kama mtu anayetazama mgonjwa aliyetoroka kitandani.

"Umejichosha bure, mke wangu. Twende nyumbani upumzike. Nimekupikia."

Sauti yake ilikuwa nzuri. Hapo Kitanda Saba alivurugika tena. Kama mtu huyu alikuwa mwongo, mbona amepika?

"Tutakwenda," alisema. "Nataka tu unikumbushe mambo mawili matatu. Hili gauni, nilikuwa nalivaa sana?"

"Kila Jumapili. Ulilipenda."

"Lilinikaa vizuri?"

"Kama umezaliwa nalo. Ni huko hospitali walikoliharibu. Limekuwa fupi, limekubana."

"Kabla ya hapo halikuwahi kunipa shida? Sikulirekebisha popote, pengine urefu?"

"Hapana. Lilikuwa sawasawa. Tangu litoke kwa fundi hakuna aliyeligusa kwa sindano."

Kitanda Saba alipindua upindo, akamwonyesha Sajini mishono ya mkono, kisha mkunjo wa zamani. "Huu umeshushwa karibuni. Uzi haujapauka. Na umeshushwa kabla sijaokotwa, kwa sababu wodini hakuna sindano ya kushonea nguo, nimeuliza. Mume wangu hajui. Na tazama. Ukirudisha pale ulipokuwa mwanzo, gauni hili linanifika juu ya magoti. Jumapili zote hizo nilikuwa natoka hivyo?"

"Mwanamke anaweza kushona kitu mume asijue," alisema Sajini, lakini alikuwa ametoa daftari lake.

"Anaweza. Mama, nipime sasa. Sajini asome ya kitabuni, wewe usome ya kwangu."

"Hii ni michezo," alisema fundi saa. Bado alikuwa anatabasamu. "Amelala siku tisa. Mwili unabadilika."

Mama aliweka utepe. Mzee alisimama nyuma yake, akatikisa kichwa. "Umelegea. Mwambie umelegea, auvute."

"Mama, naona umelegea kidogo," alisema Kitanda Saba.

Mkono wa mama ulisimama hewani. "Alikuwa ananiambia hivyo hivyo," alisema polepole. "Kila siku." Akauvuta. "Bega kwa bega, kumi na sita na nusu."

"Hapa kumi na nne," alisoma Sajini.

"Shingo mpaka kiunoni, kumi na saba."

"Kumi na tano."

"Mkono, ishirini na nne."

"Ishirini na moja." Sajini aliinua macho. "Kifua je?"

"Kifua hakina maana," walisema mama na mzee kwa pamoja, ingawa Sajini alisikia sauti moja tu.

"Amekonda," alisema fundi saa. "Hospitalini chakula si chochote. Amekonda tu."

Sajini alimgeukia. Alikuwa na pua nyekundu na macho yenye machozi ya mafua, lakini sauti yake ilikuwa imepoa. "Amekonda, mabega yakaongezeka inchi mbili na nusu? Kaka, nina mabinti watatu. Kaa chini."

Fundi saa alitazama kiti, kisha mlango. Akakaa. Alitoa lenzi mfukoni, akawa anaipangusa kwa ncha ya shati, akaipangusa tena.

"Mkeo yuko wapi?" aliuliza Kitanda Saba.

"Sijui."

"Tangu lini hujui?"

"Tangu mwezi uliopita. Nilirudi kutoka kununua betri, nyumba iko vilevile. Sahani ziko vilevile. Yeye hayupo." Aliendelea kupangusa. "Nikaona tangazo la polisi ukutani, mwanamke ameokotwa, gauni la kijani lenye majani meupe. Nikaja mbio. Nilipofika kitandani nikajua si yeye. Nilijua kutoka mlangoni."

"Kwa nini ukasema ni yeye?"

Aliirudisha lenzi mfukoni. Nje mtu aliburuta mkokoteni, ukapita.

"Ulinitazama," alisema. "Ulinitazama bila woga. Miaka minne hakuna mtu aliyenitazama hivyo nyumbani kwangu. Yeye alikuwa anakumbuka kila kitu, kila neno, kila siku niliyokosea. Wewe hukumbuki chochote. Nikaona labda tungeanza upya. Ningekuwa mtu mzuri kwako. Nilishaanza. Nimepika."

Kitanda Saba alitaka kumhurumia, na alimhurumia, na wakati huo huo alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa meza ya kukatia. Mambo hayo mawili yalimjia pamoja, na hakujua ni lipi lake.

Kisha fundi saa aliinua kichwa. Alikuwa amefikiri. Mikono iliyozoea vitu vidogo ilikuwa imetulia.

"Lakini gauni ni lake," alisema. "Halikuibwa. Umesema mwenyewe, limeshushwa likufae. Yeye ndiye alikushonea, ule ndio ushonaji wake, hajui kuvuta uzi. Alikupa. Mlikaa pamoja." Alisimama. "Unajua alipo."

Sajini naye alisimama.

Kitanda Saba alipekua kichwa chake kwa bidii, kama alivyofanya siku zote tisa, akitafuta chumba, uso, sindano, mwanamke mwenye bega la inchi kumi na nne amepiga magoti mbele yake na pini mdomoni. Hakupata kitu. Na kwa mara ya kwanza tangu azinduke, alifurahi.

"Sikumbuki," alisema.

Fundi saa alimkazia macho muda mrefu. Alikuwa mtu wa kutambua saa iliyosimama, na alitambua kwamba hakudanganywa. Mabega yake yakashuka. Sajini akamwita askari aliyekuwa garini, akamwagiza ampeleke kituoni akaandike maelezo, na asitoke huko mpaka yeye mwenyewe afike.

Gari lilipoondoka, mama alichemsha maji. Hakuuliza nani anataka chai. Kitanda Saba alikaa mbali na kigoda.

"Amefikiri vizuri yule," alisema Sajini, akipulizia kikombe. "Mwanamke hampi mwenzake gauni abaki mtupu. Kama wewe umevaa lake, yeye amevaa lako. Mlibadilishana. Ndiyo kusema alikuwa anakimbia, na wewe ukamsaidia apite mahali bila kutambulika kwa mavazi. Labda hiyo ndiyo kazi yako, nani ajuaye. Namna ulivyomhoji, mimi mwenyewe nilitaka kukiri kitu." Alifungua ukurasa mpya. "Basi kazi ni nyepesi. Natoa tangazo la mke wa fundi saa, na vipimo vyake ninavyo. Yeye anajua jina lako, kwenu, kila kitu. Tukimpata yeye, tumekupata wewe. Kesho asubuhi linakuwa ukutani."

Ukutani, pale pale ambapo fundi saa alisoma tangazo la kwanza.

Kitanda Saba aliutazama ukurasa mtupu. Jina lake lilikuwa mahali fulani katika mji huu, au mji mwingine, kichwani mwa mwanamke mfupi mwenye mishono mibaya. Huenda lilikuwa jina zuri. Huenda kuna mtu alikuwa analiita sasa hivi, mlango kwa mlango.

"Kituoni utamzuia siku ngapi?" aliuliza.

"Kwa kudanganya kuhusu mke? Mbili. Tatu nikijitahidi."

"Halafu anatoka, na anajua kusoma."

Sajini alipangusa pua. "Binti, bila tangazo utakaa hivi hivi. Bila jina. Huenda mwaka."

"Usiandike."

"Fikiri mpaka kesho."

"Nimefikiri. Tutamtafuta kimya kimya, mimi na wewe, kwa mguu. Akitaka kuonekana ataonekana. Karatasi usiandike."

Sajini alibaki na kalamu hewani. Kisha akaifunga kifuniko, akafunga na daftari, akanywa chai yake yote. Alipomaliza aliuliza atalala wapi, maana wodini kitanda kimekwisha kupewa mtu mwingine.

"Atalala hapa," alisema mama. "Kuna chumba cha nyuma. Na hilo gauni atalivua, nitampa kanga avae mpaka nimshonee lake. Vipimo tayari ninavyo."

Mzee alikuwa amerudi kwenye kigoda chake. Alimnyooshea kidole Kitanda Saba, amekunja uso kwa wasiwasi. "Kile kitanda cha nyuma kina mguu mbovu. Nilikuwa nitautengeneza wiki ile. Mwambie aweke tofali."

"Mama," alisema Kitanda Saba, "tuweke tofali chini ya mguu wa kitanda, ule mbovu."

Mama aligeuka polepole, birika mkononi. Mvuke ulipanda mbele ya uso wake. Hakuna mtu wa nje aliyewahi kuingia chumba kile.

"Nani amekuambia habari za kitanda changu?"

Sajini aliwatazama wote wawili. Mzee aliacha kupumua, kwa mazoea tu. Kitanda Saba alipokea birika kutoka mkononi mwa mama.

"Sikumbuki," alisema, na mara hii alikuwa anadanganya.